Wanaiimba pembetatu. Je, wanaiona?

Mtoto wa miaka mitano anaweza kuimba wimbo wa maumbo mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti safi na mikono kiunoni, na bado asijue pembetatu ni kitu gani. Nimefundisha darasa la awali huku Mbagala, Dar es Salaam, kwa muda wa kutosha kulisema hili bila wasiwasi. Nyimbo zinafundisha, na mimi nazipenda kuliko zana nyingine yoyote ninayoingia nayo darasani. Lakini wimbo una tabia ya kuficha. Darasa zima likiimba kwa pamoja, sauti za wanaojua zinawabeba wasiojua, na mwalimu anatoka akiwa amefurahi.

Naandika kwa ajili ya mwalimu anayeanza, na kwa ajili ya dada wa kituo cha kulelea watoto mchana ambaye amekabidhiwa watoto asubuhi, akaambiwa "wafundishe maumbo", basi, hakuna maelezo zaidi.

Nilipopangiwa darasa la awali nilikuta watoto zaidi ya themanini. Mwongozo wa elimu ya awali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, ada ikaondolewa kuanzia Januari 2016, na shule za serikali za Dar es Salaam zikafurika. Ni jambo jema kwamba watoto wamekuja. Ila zana hazikuja nao. Nilikuwa na ubao, chaki na chati moja ukutani ambayo aliyekaa nyuma karibu na dirisha hawezi kuiona vizuri. Katika hali hiyo wimbo ndiyo zana pekee inayomfikia kila mtoto kwa wakati mmoja, na ndiyo maana nikaushika.

Nilianza na nyimbo za kununua. Nilikwenda Kariakoo nikachukua spika ndogo pamoja na memori kadi iliyojaa nyimbo za watoto, shilingi 45,000 vyote pamoja, pesa ambayo kwa mshahara wangu niliiona ikiondoka. Watoto walifurahi, wakaruka mpaka vumbi likatimka. Shida ilijitokeza pale nilipotaka kuwaonyesha kitu. Wimbo wa spika hausubiri. Wewe bado unainua mraba, wenyewe umeshafika kwenye duara, na mtoto ambaye bado anaitafuta kona ya kwanza ameachwa hapo hapo. Sauti ya mwalimu inaweza kusimama, ikauliza "Iko wapi?", ikangoja vidole vyote vinyooke, kisha ikaendelea. Spika nimeibakiza kwa ajili ya michezo na siku ya mahafali. Maumbo nafundisha kwa mdomo wangu.

Kuna jambo jingine kuhusu nyimbo hizi ambalo sijasikia likizungumzwa sana. Nyingi zina muziki uliotungiwa lugha nyingine, kisha maneno ya Kiswahili yakashindiliwa humo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: tunasema du-A-ra, pembe-TA-tu, msta-TI-li. Pigo zito la ngoma likiangukia silabi nyingine, mtoto analifuata pigo. Nilikuwa na watoto waliokuwa wakisema "duaRAA" hata wakati wa kuzungumza kawaida, maana ndivyo wimbo ulivyowazoesha. Ukichagua wimbo, usome kwanza maneno yake bila muziki, kwa mwendo wa mazungumzo, halafu upige makofi pale sauti inapopanda. Kama makofi na muziki havikutani, achana nao.

Sasa nije kwenye kilichonishtua. Watoto walikuwa wameshaukariri wimbo vizuri. Nikakata maumbo ya maboksi, nikawa nawaita watano watano wakati wenzao wanakunywa uji. Sikuwaambia waimbe. Niliwaambia tu, "Nipe pembetatu." Binti aliyekuwa akiongoza wimbo mbele ya darasa, mwenye sauti ya kusikika hadi ofisini, alinipa mstatili bila kusita. Mvulana aliyefuata alichagua sawasawa. Nikaichukua ile pembetatu mkononi mwake, nikaigeuza ncha ikaangalia chini, nikamuuliza hii ni nini.

"Hii imeanguka, Madam."

"Ikianguka siyo pembetatu?"

"Siyo. Pembetatu inakaa hivi." Akaigeuza, akaikalisha juu ya dawati kwa viganja vyote viwili, taratibu, mpaka ikatulia.

Nilirudi nyumbani siku ile na uzito moyoni. Baadaye nilielewa kwamba mtoto yule hakuwa na tatizo lolote. Mwaka 1957 walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina, walieleza kwamba mtoto huanza kulitambua umbo kwa sura yake nzima, kama anavyoutambua uso wa mtu, na kuhesabu pande na kona huja baadaye. Chati yetu, na kila kitabu alichowahi kufunuliwa, vilikuwa na pembetatu ya aina moja tu: pande zote sawa, imekaa kitako, ncha juu. Hiyo ndiyo sura aliyoijua. Na wimbo wetu ulikuwa unataja jina la umbo na kitu kinachofanana nalo, haukuwa unampa kazi ya kufanya kwa macho wala mikono.

Nikaanza kutunga. Mwalimu mwenzangu, usiliogope neno hilo. Kipande kimoja cha mshororo wa shairi letu la kawaida kina mizani nane, yaani silabi nane, na mizani nane inaenea vizuri kwenye pumzi ya mtoto mdogo. Vina vikigongana, mtoto akisahau neno la mwisho, masikio yenyewe yanamrudishia. Huu ndio wa pembetatu:

Pembetatu ina kona,
moja, mbili, kisha tatu;
igeuze, utaona
bado ile pembetatu.

Mstari wa tatu ndio wenye kazi. Kila mtoto ana pembetatu yake ya boksi, na tukifika "igeuze" lazima aigeuze, namna yoyote anayotaka. Hatuendi mstari wa nne mpaka wote wamegeuza. Maboksi nilikata ya kila namna: nyembamba ndefu kama zile za bendera ndogo za mapambo, fupi pana, na nyingine iliyoinama upande. Watoto walizikataa zile nyembamba mwanzoni. Tukawa tunaimba huku tukigusa kona, moja, mbili, kisha tatu, na polepole wakazikubali.

Nikaweka na maumbo ya kudanganya. Hili naomba usiliruke. Kata umbo lenye kona tatu ambalo upande mmoja umepinda, jingine ambalo upande mmoja haujafungwa, jingine lenye kona za mviringo. Waulize kama ni pembetatu. Mtoto anayesema "hapana, hapa pamepinda" amejifunza kitu ambacho wimbo wenyewe usingemfundisha, na hapo ndipo niliongezea kuwaambia kwamba pande za pembetatu zimenyooka.

Kamba ndiyo iliyofuata, na kwa kweli kama ningeruhusiwa kubaki na zana moja tu, ningebaki nayo. Ni kamba ya kawaida ya manila, mita nane hivi, ncha zimefungwa pamoja. Watoto wakiishika wote kwa kuzunguka na kuivuta nje kidogo, tunapata duara, na tunaimba tukitembea:

Duara halina kona,
halina pa kuanzia;
sahani nimeiona,
gurudumu lapitia.

Kisha naita watoto watatu, wengine wanaachia. Watatu wakivuta kwa nguvu, kamba yenyewe inakuwa pembetatu mbele ya macho yao, na kila mmoja wao ni kona. Mtoto akipiga hatua pembeni, pembetatu inabadilika umbo lakini inabaki pembetatu. Siku ya kwanza tuliyofanya hivi nje, chini ya mwembe, yule mvulana wa pembetatu iliyoanguka alikuwa kona mojawapo. Alisogea, akatazama kamba, akasogea tena, akatazama. Sikusema kitu. Akaongezwa mtoto wa nne, na wote wakaona kona mpya imezaliwa. Kupata mraba kwa kamba ni kazi ngumu zaidi, maana pande lazima zilingane, na watoto wanagombana nani arudi nyuma. Waache wagombane kidogo. Wakiwa wanabishana upande upi ni mrefu wanapima bila kujua.

Kwa mraba natumia pia leso ya mkononi, ambayo karibu kila mtoto anayo, imebandikwa na pini kifuani:

Leso yangu ni mraba,
pande nne zalingana;
kona na kona kutana,
pembetatu naiona.

Tukifika "kutana" wanakunja kona kwa kona. Mtoto anaona kwamba umbo moja linazaa jingine. Hakikisha tu leso ni mraba kweli. Nyingine za sokoni upande mmoja umezidi, na zikikunjwa kona hazikutani, mtoto anadhani amekosea yeye. Khanga haifai kwa wimbo huu, yenyewe ni mstatili, na pindo lake linaonyesha vizuri sana pande mbili ndefu na mbili fupi. Ninayo moja ya zamani ya kutandika sakafuni, watoto wanatembea juu ya pindo wakisema "ndefu" na "fupi" kila wanapokata kona.

Kuhusu mraba na mstatili, nikusihi kidogo. Usiwaambie watoto kwamba mraba siyo mstatili. Mraba ni mstatili ambao pande zake zote zimelingana, na mtoto atakutana na ukweli huo huko mbele. Ukishampa "siyo" akiwa na miaka mitano, mwalimu wa darasa la juu atapata kazi ya kuifuta. Mimi nasema, "Huu pande zote sawa, tunauita mraba," naishia hapo.

Vivyo hivyo na chungwa. Nyimbo nyingi za maumbo zinasema chungwa ni duara, mpira ni duara. Chungwa ni tufe. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha chekechea mwaka 1837, aliwapa watoto tufe, mcheduara (umbo la kopo) na mchemraba washike na kuviviringisha, na mwaka 1844 akatoa kitabu cha nyimbo za mama na mtoto zenye michezo ya vidole. Yaani mkono na wimbo vilikwenda pamoja tangu huko. Siku ya duara naleta chungwa na kisu changu, nalikata katikati, nawaonyesha ule uso uliokatwa: hapo ndipo penye duara. Tunalichovya nusu chungwa kwenye rangi, tunapiga muhuri kwenye karatasi. Inachafua nguo, na wazazi watalalamika, kwa hiyo iwe ni rangi ya maji.

Masika yana tabu yake. Mvua ya Machi na Aprili ikipiga bati, hata ukipiga kelele hakuna anayekusikia, na mimi nilikauka sauti kabisa muhula mmoja kwa kushindana nayo. Koo liliuma, nikanywa maji moto na tangawizi, nikafundisha kwa ishara. Humo ndimo makofi yalipozaliwa. Pembetatu ni makofi matatu. Mraba ni makofi manne yaliyolingana. Mstatili ni makofi manne pia, ila moja la kungoja, moja la haraka, la kungoja, la haraka, kama zilivyo pande zake. Duara hatupigi makofi, tunasugua viganja kwa kuzungusha, maana halina kona. Nikipiga, wao wanainua umbo. Wakati mwingine mtoto anapiga na mimi ninainua, na nikikosea kwa makusudi wanafurahi mno kunisahihisha.

Kulikuwa na mtoto ambaye hakuwahi kusema neno darasani tangu aje. Katika kuimba alikaa kimya, na kwa muda mrefu nilidhani hajui lolote. Kwenye makofi alikuwa wa kwanza kuinua umbo, na hakukosea. Ningeendelea kupima kwa wimbo peke yake, ningeandika kwenye ripoti yake kwamba bado. Nikaanza kumpa zamu ya kupiga makofi mbele ya wenzake, na wakamngoja yeye.

Sauti ya mwalimu inahitaji kulindwa. Usianzishe wimbo chini sana kwa sababu sauti yako ni nzito. Watoto wa umri huu wanaimba vizuri ndani ya nota tano au sita hivi, za katikati kwenda juu kidogo, na ukiwaanzishia chini watapiga kelele badala ya kuimba. Anzisha mstari, waache wao waumalize, wewe sikiliza. Na dakika nne au tano zinatosha. Baada ya hapo wanaotazama nje wataongezeka, na wimbo mzuri utachosha.

Halafu kuna wazazi. Bibi mmoja alinijia wakati wa kuwachukua watoto. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba. Mwalimu, mimi sikusomea, lakini naomba kuuliza. Mjukuu wangu kila siku anaimba. Daftari jeupe. Wenzake wa shule za kulipia wanaandika mpaka majina." Iliniuma, siwezi kusema uongo, maana nilikuwa nimechoka na nilijiona ninajitoa. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Daftari ndilo kitu pekee ambacho mzazi anaweza kulifungua nyumbani akaona kazi ya mwalimu. Nikamwita mjukuu, nikamwomba bibi kitambaa chake cha mkononi. Mtoto akaimba wimbo wa leso, akakunja, akaonyesha kona tatu kwa kidole, akafungua, akaonyesha nne. Bibi akanitazama. "Kumbe anajua hesabu," akasema, na akaomba afundishwe na yeye ule wimbo.

Tangu hapo kila Ijumaa watoto wanaondoka na kazi ya kutafuta umbo nyumbani, na mzazi au mlezi analichora kwenye daftari pamoja na mtoto. Wameleta vifuniko vya chupa, ungo, kawa, fremu ya dirisha, kigae, ile pembetatu nyekundu ya tahadhari inayowekwa nyuma ya gari likiharibika. Daftari sasa lina kitu, na mzazi anaujua wimbo. Kama mtawarekodi watoto wakiimba na kuweka kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, ombeni ruhusa ya kila mzazi kwanza. Mimi narekodi mikono yao tu.

Na sambusa nisiisahau. Wakati wa mapumziko binti mmoja alinijia anakimbia na sambusa mkononi, "Madam, pembetatu!" Alikuwa ameshaiuma kona moja. Nikamwambia tuhesabu. Akagusa kwa kidole chenye mafuta: moja, mbili, tatu. Akasita. Akagusa nne. Aliitazama sambusa, akanitazama, akahesabu tena kuanzia kona nyingine, na ikawa nne vile vile. "Ilikuwa tatu," akasema. Tuliingia darasani nikachukua pembetatu ya boksi na mkasi, nikakata ncha moja mbele ya wote. Ukikata kona ya pembetatu kwa mstari ulionyooka, kona moja inaondoka na mbili zinakuja, unapata umbo lenye kona nne. Watoto walitaka nikate tena, na tena, wakihesabu kila mara, na boksi likaisha kabla hamu yao haijaisha. Wimbo ndio uliompa binti yule mazoea ya kugusa na kuhesabu. Sambusa ndiyo iliyompa swali, na swali hilo halimo kwenye chati yoyote niliyowahi kununua.

Kwa anayetaka kuanza, mpangilio wangu ni huu: duara kwanza, kisha pembetatu, kisha mraba, na mstatili mwisho, na sihami mpaka nimewaita watano watano wakanipa umbo bila kuimba. Gharama ni ndogo kuliko spika yangu. Maboksi omba kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, wengi wanatoa bure ukienda jioni. Kamba ya manila inapatikana kwa fundi wa turubai au duka la vifaa vya ujenzi kwa shilingi elfu chache. Ukitaka maumbo ya kudumu, nenda Keko kwa mafundi seremala, waombe mabaki ya plaiwudi, mlipe fundi akukatie na kusugua kingo kwa msasa ili zisiwachome watoto. Mwambie asikate pembetatu zote za kufanana. Atakushangaa, maana kuchora moja na kuifuatisha ni rahisi kwake, kwa hiyo mchoree mwenyewe kwenye karatasi, kila moja na umbo lake, na ubaki hapo mpaka akate ya mwisho.